Flashi ya Linux Ikigoma Kubuti, Soma Skrini Kwanza

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, naletewa laptopu nyingi ambazo bado ni nzima kabisa: HP EliteBook, Dell Latitude, ThinkPad, zile za mtumba zinazoingia kutoka Ulaya. Windows 11 inazikataa kwa sababu prosesa zake ni za zamani au hazina TPM 2.0, chipu ya usalama. Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, inazikubali bila taabu. Kinachowakatisha tamaa wenyewe ni ile flashi ya kuisakinishia. Mtu amemaliza bando kupakua, ameandaa flashi, ameichomeka na kuwasha mashine, halafu inakuja Windows ileile ya jana, au skrini nyeusi, au maandishi meupe ambayo hajui aanzie wapi kuyasoma. Wengi huishia hapo, na inaniuma, maana mara nyingi kilichobaki ni kazi ya dakika chache.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usiguse chochote kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayotangulia Windows, kabla hujajua mashine imekwama hatua ipi. Kubuti kwa flashi kuna mfuatano wake. Mashine inaitambua flashi. Kisha inaipisha GRUB, ile menyu ya kwanza ya Linux. GRUB inapakia kerneli, kiini cha Linux. Mwisho, kerneli inaitafuta flashi tena kwa njia zake yenyewe, inafungua mfumo uliomo ndani na kukuletea deski. Kila hatua ina maradhi yake, na dawa ya hatua moja haiponyi nyingine. Kuzima Secure Boot, ulinzi unaokagua saini ya kinachobuti, kwa mfano, hakutasaidia hata kidogo kama faili lako la ISO, lile ulilopakua lenye mfumo mzima, liliharibika wakati wa kupakua.

Kwa hiyo, kabla ya yote, ichomeke flashi kwenye kompyuta nyingine yoyote unayoweza kuazima. Ikiwaka kule, flashi haina neno na ugomvi uko kwenye mashine yako. Ikigoma kote kuwili, achana na BIOS kwanza, shughulika na flashi.

Tuanze na flashi, kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa kidogo kuliko inavyostahili. ISO ya Linux Mint 22 inakaribia GB 3, ya Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6. Kwa mtandao wetu wa simu, unaokatika na kurudi, faili kubwa hivyo linaweza kufika likiwa na kasoro ingawa kivinjari kimekwambia limekamilika. Ndiyo maana tovuti za Mint na Ubuntu huweka namba ndefu ya uhakiki iitwayo SHA256. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda ulikopakulia, uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum ikifuatwa na jina la faili. Linganisha namba inayotoka na ile ya kwenye tovuti. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, faili halifai. Nawashauri wenye mtandao dhaifu watumie torenti: programu ya torenti inahakiki kila kipande kinapoingia na kukipakua upya kikiwa kibovu, tena bila kurudia vile vilivyokwisha kufika, na hapo unaokoa bando.

Faili likiwa safi, itilie shaka flashi yenyewe. Sokoni ziko flashi nyingi za uongo: imeandikwa GB 64, Windows nayo inaonyesha GB 64, lakini ndani kuna nafasi ndogo zaidi. Kidhibiti chake kimepangwa kudanganya. Data ikizidi nafasi halisi, inaandikwa juu ya ile ya mwanzo au inapotea kimyakimya. Flashi ya namna hiyo inaweza kukuonyesha menyu ya GRUB vizuri tu, kisha ikafia mbele ya safari. Kwenye Windows ipime kwa H2testw, kwenye Linux kwa f3. Programu hizi huijaza flashi yote kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Inachukua muda, na mimi nashauri flashi yoyote mpya ya bei ya kutupa ipimwe kabla ya kuaminiwa na kazi yoyote.

Halafu namna ya kuandika. Kuburuta faili la ISO na kulidondosha ndani ya flashi hakutoshi. Mashine itaona faili tu, haitaona cha kubuti. Tumia Rufus au balenaEtcher, programu za kazi hiyo. Rufus ikikuuliza uchague namna ya kuandika kati ya ISO na DD, anza na ISO, na ikigoma rudia kwa DD. Ukimaliza, Windows inaweza kukuletea dirisha linalosema diski inatakiwa kufomatiwa kabla ya kutumika. Bonyeza Cancel. Windows haielewi mpangilio uliomo ndani, basi. Ukikubali kufomati, kazi yote imekwenda na maji.

Sasa mashine yenyewe. Ikiwa Windows inakuja moja kwa moja kana kwamba flashi haipo, kwanza ita menyu ya kubuti. Kwenye HP ni Esc kisha F9, Dell ni F12, ThinkPad ni F12, Asus mara nyingi ni Esc. Acer ni F12 pia, lakini kwa nyingi lazima kwanza uiruhusu ndani ya BIOS. IdeaPad kadhaa za Lenovo zina kitundu kidogo pembeni, unakibonyeza kwa pini mashine ikiwa imezimwa. Kama kitufe hakiitikii, ingia Windows, shika Shift huku ukibonyeza Restart, kisha chagua Use a device. Njia hii inasaidia kwa sababu Windows yenye Fast Startup haizimiki kabisa unapobonyeza Shut down. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Kuna pia Fast Boot ya BIOS, jambo tofauti, ambayo kwenye mashine fulani inaruka ukaguzi wa USB ili kuokoa sekunde. Hiyo izime.

Katika menyu, flashi moja inaweza kuonekana mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele yake, yaani njia mpya ya kubuti, na nyingine bila, yaani njia ya zamani iitwayo Legacy. Chagua inayolingana na Windows yako ilivyosakinishwa. Kwenye Windows andika msinfo32 uangalie mstari wa BIOS Mode. Ukichanganya, flashi itawaka, lakini matatizo utakutana nayo baada ya kusakinisha. Na kama kwenye Rufus ulichagua GPT, mpangilio mpya wa diski, wakati mashine ni ya zamani inayojua Legacy pekee, haitabuti. Rudia kwa MBR, mpangilio wa zamani.

Secure Boot nimeiacha hadi hapa makusudi. Watu wengi hushauri izimwe kabla ya lolote, nami sikubaliani nao. Mint, Ubuntu, Fedora na Debian kuanzia toleo la 10 zote zinabuti Secure Boot ikiwa imewashwa. Kama Secure Boot ndiyo iliyokuzuia, mara nyingi itakwambia. HP huandika Selected boot image did not authenticate. Mashine nyingine huandika Invalid signature detected. Kuna na ujumbe wenye maneno SBAT self-check failed, ambao ulisambaa Agosti 2024 baada ya sasisho la Windows kupiga marufuku matoleo ya zamani ya programu ya kubutisha yenye dosari za kiusalama. Ukiuona huo, dawa ya kwanza ni kupakua ISO mpya ya toleo la sasa. ThinkPad za miaka ya karibuni zina kipengele cha kuruhusu cheti cha Microsoft 3rd Party UEFI CA. Kikiwa kimefungwa Linux haipiti, na kukifungua kunatosha bila kuzima Secure Boot yote.

Ukilazimika kuizima, tafadhali sana, angalia kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data. Laptopu nyingi za kazini zimefungwa hivyo na mwenyewe hajui. Ukibadilisha Secure Boot, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 safari inayofuata, na asiye nao hafiki tena kwenye mafaili yake. Utafute ufunguo huo kwenye akaunti ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu.

Kama menyu ya GRUB imekuja, umechagua, kisha skrini ikawa nyeusi, usirudi kwenye BIOS. Hapo flashi imeshasomwa na Secure Boot imeshapita. Kinachogomba mara nyingi ni kadi ya picha, hasa ya Nvidia. Washa upya. Menyu ikitokea, weka alama kwenye mstari wa kwanza lakini usibonyeze Enter, bonyeza herufi e. Yatafunguka maandishi. Shuka kwa mishale hadi mstari unaoanza na linux, utafute maneno quiet splash. Yafute, na mahali pake andika nomodeset. Kisha bonyeza Ctrl na X kwa pamoja, au F10. Kwa kuondoa quiet na splash utaona kerneli ikisema kila inachofanya, na ikikwama, mstari wa mwisho ndio wa kupiga picha na kumwonyesha anayekusaidia. Badiliko hili ni la mara moja tu, kwa hiyo baada ya kusakinisha huenda ukalirudia mara ya kwanza, kisha uweke dereva ya Nvidia kupitia Driver Manager.

Yupo na mdudu wa mwisho: skrini inaishia kwenye neno initramfs, juu yake imeandikwa Unable to find a medium containing a live file system. Maana yake kerneli imewaka lakini imeipoteza flashi. Hamishia flashi kwenye tundu jingine, ikiwezekana la USB 2 badala ya lile la buluu, na uchomeke moja kwa moja kwenye mashine bila habu. Ikirudia, ni faili au flashi, nawe umeshajua namna ya kuvipima.

Mkishamaliza kusakinisha, flashi huenda Windows ikaiona ndogo mno, MB chache tu. Haijafa. Fungua Rufus, kwenye Boot selection chagua Non bootable, kisha Start, na ukubwa wake wote utarudi.