Taa ya joto bandani Minnesota, hata baridi ikifika nyuzi -30: si lazima

Je, kuku wanahitaji taa ya joto wakati wa baridi kali? Hapana, wakubwa wenye manyoya kamili hawahitaji. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi za Selsiasi, na manyoya yakishatunishwa yanalishika. Nafuga huku Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, na kinachowaumiza ni unyevu zaidi ya baridi yenyewe. Kuku wanapumua na kunya usiku kucha. Ukiziba kila tundu ukidhani unawahurumia, mvuke unatua kwenye upanga wa kichwani, unaganda, na ncha zinakuwa nyeusi. Asubuhi pitisha kidole kwenye kioo cha banda kwa ndani. Ukikuta barafu, hewa haitoki. Acha matundu juu karibu na paa, upepo usiwapige pale wanapolala, na maranda yawe makavu.

Mbao ya kulalia iwe ya inchi mbili kwa nne, upande mpana juu, ili wakikaa tumbo lifunike vidole. Mahindi kidogo jioni yanasaidia. Maji ndiyo kazi kubwa, yanaganda upesi, kwa hiyo kama kuna umeme bandani utumie kwenye chombo cha maji. Taa juu ya maranda makavu imeshachoma mabanda mengi, tafadhali usithubutu.

Vifaranga ni habari nyingine: wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 35 hivi. Na kuku wa aina ya Leghorn, wenye upanga mkubwa, huumia mapema. Kama bado hujanunua, tafuta aina ya Chantecler, walizalishwa Quebec, Kanada, kwa baridi kama hii.