Taja watu uwanjani, ila tuambie namba umeitoa wapi

Vijana wanaoanza kuripoti mpira huku Chuga, yaani Arusha, wananiuliza sana, eti kwenye ripoti ya mechi kuna haja ya kuandika watu walikuwa wangapi au ni kujaza maneno tu? Jibu langu fupi: andika, ila kama huwezi kusema namba umeitoa wapi basi usiweke namba, eleza ulichokiona. Jibu refu ndo hili hapa.

Mi nimekaa sana pembeni ya uwanja pale Sheikh Amri Abeid na pale Ushirika Moshi, ligi za chini, ligi ya mkoa, ndondo (mechi za mtaani), na zile siku chache wakubwa wa Dar wanapopanda huku kwenye baridi. Kitu nilichokiona ni kwamba idadi ya mashabiki ndiyo namba ambayo karibu kila mtu uwanjani ana sababu ya kuichezea. Goli halifichiki, kadi refa anaandika, ila watu sasa! Unakuta anayegawana mapato ya mlangoni na wenzake anatamani waliokata tiketi waonekane wachache, halafu jioni ukurasa wa timu hiyohiyo unaposti "nyomi la kufa mtu" maana kuna mdhamini wanamwinda. Kuna kiongozi mmoja wa klabu, simtaji, alinipigia usiku analalamika kwa nini nimeandika jukwaa la mzunguko lilikuwa nusu, ananiuliza "sasa wewe mdogo wangu unatusaidia nini sisi?" Nikamwambia shikamoo kiongozi, nilikuwepo, nililiona, ukiwa na hesabu ya tiketi nitumie niiweke sasa hivi. Hakutuma.

Na hata akituma, lazima ujue anakutumia hesabu ya nini, maana tiketi zilizouzwa ni kitu kimoja na watu waliokaa pale ni kitu kingine kabisa. Wenzetu wana shida hiyohiyo. Marekani kwenye besiboli, ligi moja kati ya zile mbili kubwa, National League, ilikuwa inahesabu watu wanaopita getini mpaka 1993 ikahamia kwenye tiketi zilizouzwa, kwa hiyo mtu aliyenunua akabaki nyumbani kwake analala naye anahesabika kahudhuria. Uingereza ni hivyohivyo, namba wanayotangaza mara nyingi ina watu wa tiketi za msimu ambao siku hiyo hawakuja, ndo maana unaona viti vitupu kwenye tivii na skrini inasema uwanja umejaa.

Kwetu inakuwa kinyume, waliomo ndani wanazidi waliokata. Kuna watoto wanaoingia wameshika mkono wa mtu, kuna wa bure wa viongozi, kuna wa ukutani, halafu kuna fungulia mbwa, yaani dakika za mwisho geti linaachiwa na mtaa mzima unamiminika. Ukihesabu dakika ya 20 na ukahesabu dakika ya 80 utapata mechi mbili tofauti. Kwa hiyo andika saa uliyohesabu, maneno matatu tu, "kipindi cha kwanza", yanakuokoa na ubishi mwingi.

Alafu hii tabia ya kuchukua uwezo wa uwanja ukaugeuza kuwa mahudhurio, jamani tuache. Benjamin Mkapa wanasema ni 60,000, basi kila mechi ya Simba na Yanga mtu anaandika "mashabiki 60,000" kama vile alisimama getini. Na kwa Sheikh Amri Abeid ndo usiseme, ukitafuta mtandaoni uwezo wake unakuta kila ukurasa na namba yake, sasa wewe utachagua ipi na kwa sababu gani?

Kuhesabu mwenyewe sio kazi ngumu hivyo. Kuna profesa wa uandishi wa habari kule Berkeley, California, Herbert Jacobs, miaka ya 1960 dirisha la ofisi yake lilikuwa linaangalia uwanja ambao wanafunzi walikuwa wanaandamana, sakafu yake ina miraba, akahesabu watu kwenye miraba michache akazidisha. Basi. Kwa kukadiria, watu wakisimama kwa nafasi weka mmoja kila mita moja ya mraba, wakibanana weka wawili na nusu. Mi kwenye jukwaa nahesabu mstari mmoja kutoka ngazi hadi ngazi, nazidisha kwa mistari, halafu naangalia vipande vingapi vimejaa hivyo. Natoka na kitu kama "kati ya elfu mbili na elfu tatu" na ndivyo ninavyoandika, sio 2,640, hiyo 40 umeitoa wapi chalii wangu?

Swali la pili sasa, lini inafaa kutajwa juu kabisa ya habari na lini iishie mstari wa mwisho. Mimi naangalia kama watu wenyewe ni sehemu ya habari. Aprili 29, 2015 Baltimore Orioles walicheza na Chicago White Sox mahudhurio rasmi yakaandikwa 0, kwa sababu mji ulikuwa na vurugu wakafunga mageti, hapo ukiandika matokeo bila hiyo sifuri umemnyima msomaji habari yenyewe. Au hapa jirani, CHAN iliyochezwa 2025, shirikisho la soka Afrika, CAF, waliwabana Kenya pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, wasizidi 27,000 baada ya watu kuvamia mageti, sasa ripota anayeandika "Kasarani haikujaa" bila kusema kuna kikomo kimewekwa anawaonea Wakenya bure kabisa. Na Mei 2023, Yanga na USM Alger pale kwa Mkapa, kuna mtu alipoteza maisha kwenye msongamano nje ya uwanja. Siku kama ile swali la walikuja wangapi na mageti mangapi yalikuwa wazi sio la mapambo.

Kuna na ile fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, Julai 2022 hapahapa Arusha, Yanga na Coastal Union ya Tanga, 3-3, mchezaji wao Sopu kafunga zote tatu za Coastal halafu Yanga wakachukua kwa penalti. Kwa mechi kama ile idadi hainisumbui sana, nataka uniambie majukwaa yalikuwa ya nani, maana uwanja tunauita huru wakati watu wa Tanga wametoka mbali na mashabiki wa Yanga wako kila mtaa wa mji huu. Hiyo inaeleza mechi kuliko tarakimu yoyote.

Ndondo msijisumbue na namba, hakuna ukuta hakuna tiketi, sema tu walizunguka uwanja mistari mingapi. Na mechi za wanawake na za vijana, tafadhali, usiandike "mashabiki wachache" kama kejeli wakati mechi imepangwa Jumatano saa nane mchana na watu wako kazini. Ukitaja uchache taja na saa.

Huu uwanja mpya unaojengwa hapa kwa ajili ya AFCON 2027 tunaambiwa utabeba kama 30,000, na nawaona kabisa mlivyojiandaa kuiandika hiyo 30,000 siku ya kwanza. Kabla hujaandika "umefurika", nenda kwa watu wa tiketi uwaulize mashine za getini zimesoma kadi ngapi. Wakigoma kukuambia, andika kwamba wamegoma.