Maswali ya Wasomaji: Kumlea Mchezaji wa Timu ya Taifa katika Kikapu cha Mtandaoni

Barua za toleo hili zinahusu BuzzerBeater, mchezo wa mtandaoni ambamo kila mshiriki huendesha klabu yake ya mpira wa kikapu: husajili chipukizi, hupanga kikosi, hulipa mishahara na huchagua zoezi moja la wiki. Mameneja wa kila taifa huchagua kwa kura kocha wa timu ya wakubwa na kocha wa timu ya vijana wasiozidi miaka 21. Makocha hao hawafundishi mchezaji yeyote. Mazoezi hufanyika klabuni, na ndiyo maana karibu kila barua inauliza jambo lile lile kwa namna yake, yaani meneja wa klabu ya kawaida amfundisheje kijana ambaye siku moja atalitumikia taifa.

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Nimesajili kijana wa miaka 18 mwenye urefu wa sentimita 188, na kipaji chake, yaani kikomo cha kupanda kwake, ni kikubwa, ngazi tatu tu chini ya ile ya juu kabisa. Rafiki zangu wawili wanavutana juu yake. Mmoja anasema nimfundishe ulinzi wa nje na mtupo wa kuruka tangu wiki ya kwanza ili aitwe timu ya vijana. Mwingine anasema nianze na stadi za ndani, zile za karibu na kikapu, jambo ambalo mimi naliona ni kinyume kwa mchezaji mfupi namna hiyo. Nimsikilize nani? – Msomaji wa Ntinda, Kampala

JIBU: Rafiki zako wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anamwona mchezaji tofauti. Wa kwanza anamtaka kijana awe tayari akiwa na miaka 21. Wa pili anamtaka awe bora akiwa na miaka 27. Shabaha hizo mbili hazifikiwi kwa njia moja, na meneja anayejaribu kuzishika zote kwa pamoja mara nyingi humaliza akiwa na mchezaji ambaye vijana hawakumpata kwa wakati na wakubwa hawamhitaji.

Hesabu yake ni hii. Msimu una wiki 14 na mchezaji huongezeka mwaka mmoja kila msimu, kwa hiyo kijana anayesajiliwa na miaka 18 ana misimu minne, takriban mazoezi 56, kabla ya kuvuka umri wa timu ya vijana. Mazoezi hayo hayana thamani sawa. Kadiri mchezaji anavyokuwa mdogo ndivyo anavyopanda haraka, na kadiri umri unavyosogea ndivyo kila ngazi inavyodai wiki nyingi zaidi. Urefu nao una sauti yake: mfupi hujifunza upesi stadi za nje, kama vile kudhibiti mpira, kupenya na kutoa pasi, na hujifunza kwa taabu stadi za ndani, mrefu ni kinyume chake. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja utaelewa kwa nini rafiki yako wa pili anataka kuanza na lile gumu. Ulinzi wa ndani kwa kijana wa sentimita 188 hupanda polepole hata akiwa na miaka 18, na ukiungoja mpaka afike 24 hautapanda kwa kiwango cha kuleta faida. Stadi za nje zinaweza kungoja, kwa sababu umbo lake litaendelea kuzisaidia hata baadaye.

Kwa nini basi mlinzi awe na stadi za ndani hata kidogo? Kwa sababu katika ngazi ya mataifa makubwa karibu kila mpinzani ana walinzi wenye mtupo mzuri na ulinzi mzuri wa nje, na kinachowatofautisha ni kile kilichobaki: uwezo wa kumaliza mpira karibu na kikapu baada ya kupenya, na uwezo wa kutoonewa pale mpinzani anapoamua kupeleka mashambulizi yote ndani. Stadi hizo za ziada zina faida nyingine ambayo wengi hawaiangalii. Mshahara wa mchezaji hukokotolewa kufuatana na stadi zinazohesabiwa katika nafasi yake, kwa hiyo mlinzi mwenye ulinzi mzuri wa ndani hulipwa karibu sawa na asiyekuwa nao.

Maoni yangu ni kwamba kijana mwenye kipaji kama hicho asitolewe sadaka kwa ajili ya msimu mmoja wa timu ya vijana. Timu hiyo inaweza kutumia kijana wa kipaji cha wastani, kwa kuwa hata aliye na kikomo cha chini huwa hajakigusa akiwa na miaka 21, lakini timu ya wakubwa haina pa kumpata mwingine kama wako. Anza na stadi za ndani msimu wa kwanza, uingie katika zoezi la mmoja kwa mmoja, ambalo hugusa udhibiti wa mpira na upenyaji kwa pamoja, kisha utoe misimu mirefu kwa ulinzi wa nje, ambao kwa maoni yangu ndio ustadi unaowaangusha walinzi wengi wanaotajwa kwa ajili ya timu ya taifa.

Ugumu utaupata katika utekelezaji. Mchezaji hufaidika na zoezi kwa dakika alizocheza katika nafasi inayohusika, na ili apate faida kamili anahitaji dakika 48 za nafasi hiyo kwa wiki. Zoezi la ulinzi wa ndani linamtaka acheze senta au fowadi wa ndani (namba nne), na kumweka mlinzi wa sentimita 188 chini ya kikapu katika mechi ya ligi ni kuikabidhi mechi kwa mpinzani. Tumia mechi ya kirafiki ya katikati ya wiki. Mpange awe senta wa kuanza, na jina lake liwe pia katika nafasi ya akiba ya senta, ili benchi lisimtoe. Asipofikisha idadi ya makosa ya kumtoa uwanjani atamaliza dakika zote 48 hapo hapo. Katika ligi mpe dakika 15 au 20 katika nafasi yake ya kawaida, na jumla ya wiki itabaki kati ya 50 na 75, kiasi kinachomweka katika hali nzuri ya kucheza. Ligi yako haitaumia sana na zoezi litakuwa limetimia.

SWALI: Nina vijana sita wa taifa moja na nawapenda wote. Je, klabu moja inaweza kuwafundisha wote kwa wakati mmoja? – Msomaji wa Mbale

JIBU: Inaweza, lakini si kwa kila zoezi. Mechi ina dakika 48 na klabu hucheza mechi tatu kwa wiki, kwa hiyo nafasi moja ina dakika 144. Zoezi linalolenga nafasi moja peke yake linatosha wachezaji watatu kwa ukamilifu; linalolenga nafasi mbili linatosha sita, ila kila mmoja wao hupanda taratibu zaidi kuliko wale watatu. Kwa ajili ya timu ya taifa ningechagua watatu. Taifa halipungukiwi na wachezaji wa wastani, na kijana mmoja aliyefundishwa kwa ukamilifu misimu minne huitwa kikosini kabla ya sita waliofundishwa nusu nusu. Wale wengine watatu wauze mapema kwa mameneja watakaowafundisha, wala usiwaweke benchi mpaka umri uwapite. Kijana wa miaka 18 asiyecheza anapoteza wiki ambazo hakuna fedha itakayomrudishia.

SWALI: Nina senta wa sentimita 213. Kocha wa taifa ameniomba nimfundishe pasi na udhibiti wa mpira, lakini klabu yangu inahitaji adake ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu, na afunge sasa. Je, kocha ana haki ya kuniomba hivyo? – Msomaji wa Jinja

JIBU: Ana haki ya kuomba, nawe una haki ya kukataa, maana klabu ni yako na deni likija ni lako. Nakushauri tu usome ombi lake kwa makini kabla ya kukataa, kwa sababu huenda linakufaa wewe kuliko linavyomfaa yeye. Senta anayefundishwa stadi za ndani pekee hupanda mshahara kwa kasi kubwa, na mishahara hupangwa upya msimu mpya unapoanza. Mameneja wengi wamejikuta na senta hodari wasiyeweza kumlipa, wakamuuza kwa klabu ya nchi nyingine ambayo haina sababu yoyote ya kujali mipango ya timu ya taifa. Ngazi chache za pasi na udhibiti hupunguza mipira anayopoteza akibanwa na walinzi wawili, wala hazigusi mshahara kama zinavyougusa ribaundi na mtupo wa ndani.

Kuna mpango wa kati ambao nimeona ukifanya kazi. Mfundishe stadi za ndani kwa muda mwingi wa msimu, kisha uhamie stadi za nje pale ambapo matokeo ya ligi hayawezi tena kukupandisha wala kukushusha daraja. Wakati huo kumchezesha nafasi ya ulinzi hakukugharimu chochote cha maana. Mwambie kocha wiki hizo ni zipi, naye ataweza kupanga mipango yake.

SWALI: Taifa letu katika mchezo lina mameneja wachache sana. Wenzetu wana mamia ya chipukizi kila msimu. Je, tunajisumbua bure? – Msomaji wa Arua

JIBU: Hamjisumbui bure, lakini msicheze kama taifa kubwa. Tazama timu yetu halisi ya taifa ya Uganda, Silverbacks. Ilifika AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na mwaka 2021 mjini Kigali ikaifunga Nigeria pointi 80 kwa 68 na kuingia robo fainali, ingawa Nigeria ina hazina ya wachezaji ambayo sisi hatuna. Katika kikosi kile alikuwamo Ishmail Wainright, mzaliwa wa Marekani, na hapo ndipo mchezo wa mtandaoni unapokuwa mgumu kuliko uwanja halisi wa Lugogo, Kampala: ndani yake uraia wa mchezaji haubadiliki, na taifa haliwezi kumwita mtu aliyelelewa kwingine kwa jina la nchi nyingine. Mtakachokuwa nacho ni kile mtakachokilea.

Kwa hiyo gawaneni majukumu. Mameneja kumi wanaoandikiana wanaweza kumshinda jirani mwenye mameneja mia wasiosemezana. Mmoja achukue wachezeshaji, mwingine mafowadi, wa tatu masenta, na chipukizi mwenye kipaji kikubwa auzwe kwa yule anayefundisha nafasi yake, kwa bei ambayo anaimudu. Msianze na kikosi cha watu kumi na wawili. Anzeni na watano wa kuanza mechi, wenye umri unaokaribiana, ili wafikie ubora wao katika misimu ile ile. Hili la umri hupuuzwa sana. Taifa dogo likiwa na mlinzi wa miaka 22 na senta wa miaka 33, mmoja atakuwa bado hajakamilika wakati mwenzake anashuka, na hawatakutana kamwe wakiwa wote katika ubora wao.

SWALI: Huku kwetu umeme hukatika na mara nyingine nakosa kupanga timu. Kijana wangu wa timu ya taifa hupoteza zoezi. Nifanye nini? – Msomaji wa Gulu

JIBU: Panga mechi zote za wiki siku moja, mara tu umeme au bando linapopatikana, kwa kuwa mchezo unapokea mipango ya mapema. Halafu angalia dakika kabla ya Ijumaa, siku ambayo mazoezi huhesabiwa. Ukiona kijana amepata dakika chache, pengine ameumia au ametolewa kwa makosa, badilisha zoezi la wiki hiyo liwe la pumzi au la mitupo huru, ambayo hufundishwa timu nzima bila kujali nafasi. Mchezaji wa taifa anazihitaji zote mbili hata hivyo. Mlinzi mzuri anayeishiwa pumzi robo ya nne hulipotezea taifa pointi alizozilinda robo tatu za kwanza.

SWALI: Nimemfundisha kijana misimu miwili na hakuna kocha aliyewahi kunitafuta. Nimwandikie mimi? – Msomaji wa Mbarara

JIBU: Mwandikie leo. Kocha wa taifa huwa na makumi ya vijana wa kuwafuatilia, na wa klabu isiyojulikana anaweza kumpita bila kumwona. Katika ujumbe taja umri, urefu, ngazi ya kipaji, stadi zote kumi za uwanjani pamoja na pumzi na mitupo huru, hata zile zinazokuaibisha, na zoezi unalofanya sasa. Sema pia kama unakusudia kumuuza na lini, maana kocha anaweza kumtafutia mnunuzi atakayeendeleza zoezi lile lile. Mwulize swali moja tu: je, anamtaka kwa timu ya vijana au kwa ya wakubwa? Akisema ya vijana na kijana ana miaka 20, acha stadi za ziada na umalizie ulinzi wa nje na mtupo wa kuruka. Akisema ya wakubwa, mwombe akuandikie ngazi anazozitaka kwa kila ustadi, uzihifadhi, na kila msimu umtumie taarifa mpya, kwa sababu makocha hubadilishwa kwa kura na anayekuja hatajua mliyoyakubaliana.