Jibu: Dada kapata kiharusi, mbona wanapima moyo?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza vipi dada yako wa Wete, miaka 44, hana presha wala sukari, apooze mkono kisha madaktari waseme mshipa wa moyo umechanika. Hawajapotea njia.

Mishipa ya koronari ndiyo inayoulisha moyo wenyewe. Ukuta wake una matabaka. La ndani likichanika, au damu ikivujia katikati yake, uvimbe wa damu hubana njia. Si mafuta yaliyoganda, ndiyo maana humpata mtu asiyedhaniwa: wengi ni wanawake, baadhi wametoka kujifungua, wengine wamepatwa na mshituko mkubwa. Sehemu ya moyo ikikosa damu hulegea, damu hutuama chumba cha kushoto na kuganda. Bonge likichomoka hupanda ubongoni. Huenda kifua kilimuuma kabla, mkasema gesi. Sisi tena!

Ni nadra, lakini hutokea. Ulizeni kama mishipa ya shingo imepigwa picha, kwani kuna maradhi ya kuta za mishipa yanayogusa moyo, shingo na figo pamoja. Wakikataa kumtia kibomba cha kupanulia mshipa, msigombe: mara nyingi mchaniko hupona wenyewe baada ya wiki au miezi, na kuuchokoa kunaweza kuuzidisha.

Na hilo kombe mlilomtayarishia, maji ya aya za Kurani, msimnyweshe mpaka wauguzi wamjaribu kama anameza sawasawa. Mwenye kiharusi hupaliwa, maji yakaingia mapafuni.