Usiikimbilie fikra ya mfiwa: kwa wanasihi wanaoanza

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya unasihi nilimpoteza mteja kwa sababu ya haraka ya kutumia nilichokuwa nimejifunza, yaani tiba ya fikra, ambayo humsaidia mtu kuzipima fikra zinazomtesa. Alikuwa mjane ambaye mumewe alianza kulalamika ganzi ya mkono saa nne usiku; yeye akamkanda, akamwambia apumzike, na walipofika hospitali asubuhi kiharusi kilikuwa kimekwisha kumlemea. Alipoketi mbele yangu alisema, “Nilimuua mimi,” nami sikungoja aendelee. Nilichukua karatasi, nikapiga mstari katikati, nikamwomba aorodheshe ushahidi unaoiunga mkono fikra hiyo na ushahidi unaoipinga. Alinijibu kwa adabu, akaaga, na hakurudi tena. Karatasi ile ilikuwa sahihi kwa mujibu wa mafunzo, ila niliileta kabla sijausikia usiku wenyewe.

Inafaa kukumbuka kwamba tiba hii ya fikra, ambayo daktari wa akili Aaron Beck aliijenga huko Philadelphia, Marekani, katika miaka ya 1960, ilianzia kwa wagonjwa wa sonona, ambao mara nyingi huzitazama nafsi zao na kesho yao kwa macho yaliyopindishwa na ugonjwa. Mfiwa hayuko hivyo. Anaposema kwamba mtu wake hatarudi na kwamba nyumba imekuwa tupu, anasema kweli, na kweli haitibiwi kwa kubishana nayo. Kazi yetu ya kwanza, basi, ni kuutenga uchungu wa kufiwa, ambao si kosa la kufikiri, na fikra zilizoshikamana na uchungu huo zikauzuia usisogee: hatia isiyo na kipimo, imani kwamba kucheka ni kumsaliti marehemu, au hofu kwamba akiacha kulia atamsahau.

Wakati nao una uzito wake. Wakati watu wangali wamelala matanga, kazi ya mnasihi ni kuketi jamvini kama wengine, kwa kuwa hakuna zoezi la kitaalamu linaloshinda majirani waliopika na kuosha vyombo. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unautambua ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu pale tu ambapo hali imeendelea kwa miezi 6 au zaidi, na imepita kwa dhahiri kile kinachotarajiwa katika mila na dini ya mhusika. Wamarekani, katika mwongozo wao wa mwaka huohuo, wanangoja miezi 12 kwa mtu mzima. Sharti hilo la mila na dini lisomeni kwa makini. Nimewahi kuona faili la mjane aliye katika eda limeandikwa “anajitenga na jamii”, ilhali mama yule alikuwa akitimiza miezi minne na siku kumi zake kama inavyompasa. Wala msimpimie mfiwa hatua tano za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross (kukana, hasira, kubembeleza, sonona na kukubali) kana kwamba ni vituo vya daladala. Mwaka 1969 alizieleza kutokana na watu waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, na wafiwa wengi huenda mbele na kurudi nyuma ndani ya siku moja.

Kuna jambo la lugha ambalo mafunzo mengi hayaligusi. Kwetu, mtu aliye na mawazo ni mtu mwenye dhiki, na mgonjwa anayesema “nina mawazo mengi” anakueleza maumivu yake yote kwa pamoja. Ukimwuliza, “Ulikuwa na mawazo gani wakati ule?” atakuhesabia shida: ada ya watoto, deni la jeneza, shemeji anayetaka shamba. Yote hayo ni ya kusikilizwa, lakini si fikra uliyokuwa ukiitafuta. Mimi huuliza, “Ulipoliona koti lake mlangoni, moyo ulikuambia nini?” Hapo hutoka sentensi moja fupi, na aghalabu ndiyo inayomlaza macho.

Sentensi hiyo ikiwa ni ya hatia, nenda nayo polepole. Siku hizi naanza kwa kumwomba mfiwa anisimulie usiku ule saa kwa saa, bila kumkatiza, hata kama itachukua vikao viwili. Kisha tunaandika safu mbili: alichokijua saa nne usiku na anachokijua leo. Wahenga walikwisha kuliona tatizo hili waliposema kwamba ningalijua huja nyuma. Shida ni kwamba ndugu huitumia methali hiyo kumnyamazisha mfiwa, badala ya kumwachia agundue mwenyewe kwamba anajihukumu kwa habari alizozipata baada ya mazishi. Safu zikikamilika nachora duara na kuliita chapati. Anataja kila kilichochangia kifo: presha iliyokaa miaka bila kutibiwa, marehemu kuacha dawa, zahanati iliyofungwa, kukosa gari, ukali wa ugonjwa wenyewe. Kila kimoja anakikatia kipande kwa ukubwa anaouona yeye, si ninaoupendekeza mimi, na kipande chake mwenyewe hukatwa mwisho. Utaratibu huo si wa mapambo, kwa maana akianza na kipande chake atachukua chapati nzima na hakutabaki cha kugawa.

Wanaoanza hutamani kipande cha mwisho kiwe sifuri, na hilo ni kosa. Yupo baba aliyeendesha gari amechoka, yupo dada aliyezima simu kwa hasira usiku ambao mdogo wake alikuwa akimtafuta. Kwa hawa sehemu fulani ni ya kweli, nao wanajua. Ukiwafutia wataona kwamba hukuwasikia. Kinachobaki baada ya kugawa hakihitaji ushahidi tena, bali njia ya kukibeba: barua kwa marehemu inayosomwa kaburini, toba kwa anayeamini, au mazungumzo na mzee wa familia ambaye msamaha wake una thamani kuliko wa mnasihi.

Kuhusu imani, nawasihi muwe na adabu. “Kazi ya Mungu haina makosa” si upotofu wa fikra, na anayeitamka hahitaji kusahihishwa. Hata hivyo wakati mwingine hutamkwa ili mlango ufungwe, na hapo mimi huuliza tu, “Na usiku, wageni wakishaondoka, huwaje?” Mfiwa anaposema kwamba wifi yake ndiye aliyemroga marehemu, msiingie katika mjadala wa kuwapo au kutokuwapo kwa uchawi, kwa kuwa hamtaushinda na wala si kazi mliyopewa. Ulizeni fikra hiyo imemfanya nini: amekula kwa nani tangu mazishi, watoto wamekatazwa kucheza na nani, na usingizi unamjia saa ngapi.

Wapo wanaoepuka kila kinachowakumbusha marehemu, chumba kikifungwa kwa ufunguo na njia ya sokoni ikibadilishwa. Hapo tunapanga hatua ndogo, kwa ridhaa ya mfiwa, kuanzia kusimama mlangoni na ndugu anayemwamini.

Watoto wanahitaji maneno ya wazi. Mtoto aliyeambiwa kwamba mama amesafiri atamngoja, na aliyeambiwa kwamba amelala anaweza kuogopa kulala. Tena wengi huamini kimoyomoyo kwamba kifo kilitokana na utundu wao, jambo ambalo hawalisemi mpaka waulizwe. Ikiwa wewe si mwanasaikolojia na unajiona huwezi, fahamu kwamba Moshi na Bungoma tiba ya aina hii ilitolewa katika vikundi kwa watoto waliofiwa na wazazi, na waliofundishwa kuitoa walikuwa watu wa kawaida wa jamii hizo. Utafiti huo wa watoto 640, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha nafuu katika maeneo mengi, si yote. Watoaji hao, lakini, walikuwa na wasimamizi, nawe usifanye kazi hii bila msimamizi.

Mteja akisema “natamani nimfuate”, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, na kama amekwisha kupanga namna. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Wengi watakujibu kwamba wanamtamani tu marehemu. Akikueleza mpango, usimwache peke yake, mwite ndugu, na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Mwisho, andika tarehe ya kifo juu ya jalada la faili, pamoja na siku ya arobaini, sikukuu ya kwanza bila marehemu na mwaka unapotimia. Katika juma la tarehe hizo simpangii mteja zoezi lolote jipya. Namwuliza tu siku hiyo atakuwa wapi, na nani atakuwa naye.