Webmeili inafunguka ofisini tu, nje hapana

Kaka, umesema webmeili ya kampuni (barua pepe mnayoisoma kwenye kivinjari) inafunguka vizuri ukiwa ofisini Mtwara mjini, ila ukienda ghalani Masasi msimu wa korosho inagoma. Hiyo anwani inayoanza na 192.168 unayoandika ni ya mtandao wa ndani wa ofisi, ukitoka ofisini haikufikishi popote.

Kabla hujagusa seva ya barua pepe, ingia kwenye ruta utazame IP (anwani ya mtandao) ya upande wa WAN, yaani upande wa intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, usihangaike kufungua poti (mlango wa kupitishia mawasiliano kutoka nje hadi kwenye seva): mtoa huduma amewabana wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ruta za laini ya simu mara nyingi ndivyo zilivyo. Mimi nilimaliza Jumamosi nzima Lindi nikifungua poti ambayo isingefunguka hata kwa dawa. Hapo omba IP ya umma ya kudumu, yaani anwani yenu wenyewe inayofikika kutoka intaneti (watakutoza, ndiyo), au kodi seva ndogo nje na upitishe VPN ya WireGuard (njia ya siri ya kuunganisha mitandao) kati yake na ofisi. Mimi ningechukua ya pili.

Kama IP ya umma unayo, elekeza poti 443 (ya tovuti salama za https) pekee kwenye seva, unda jina kama mail kwenye DNS (orodha ya majina na anwani zake) ya domeini yenu, weka cheti cha usalama cha Let's Encrypt. Ni bure, ila huisha baada ya siku 90 au pungufu, kwa hiyo kiweke kijihuishe chenyewe. Poti 3389, ya kuendesha kompyuta ya Windows kutoka mbali, usiifungue hata ukibembelezwa.

Ukijaribu, zima Wi-Fi kwenye simu yako utumie bando, ili uwe kama mtu aliye nje ya ofisi.