Kinanda kinalia kama kiko ndani ya debe nikigeuza MP3

Mdogo wangu, umesema kinanda ulichorekodi hapo Kirumba kinalia safi studio, ila ukigeuza MP3 ya kbps 128 (kilobiti 128 za data kwa sekunde) kinapoa. Kosa si kinanda. Kwa kiwango hicho programu nyingi hukata sauti nyembamba za juu kuanzia kama kHz 16 (mitetemo 16,000 kwa sekunde), na sintesaiza, yaani kinanda cha umeme, ina mengi huko juu. Mpigo mkavu ndio huumbuka zaidi: kabla ya “ta!” unasikia kama mtu kavuta pumzi. Weka 320; ni wachache watakaotofautisha. Faili mama ibaki WAV au FLAC, aina za faili zisizotupa sauti, maana MP3 ukiirudisha WAV haiponi, inanenepa tu. Nakala ya daladala za Buhongwa? Mpe konda 192, spika zenyewe zimeshapasuka.